Mara Mbili

Tulimpandisha Osbert Threlkeld kwenye bodi la lori
Jumanne, saa nne asubuhi, manyunyu yakianguka,
jeneza limefungwa kwa kamba zake mwenyewe,
kwa fundo lake mwenyewe, alilonifundisha
siku nilipoyafunga magunia ya chokaa ovyo ovyo
nikaipaka Penrith rangi kuanzia sokoni hadi stesheni.

Lori ni Atkinson la mwaka hamsini na nane.
Injini ya Gardner, isiyojua haraka,
inakohoa kama mzee mwenye hakika atakuzika wewe.
Nilikuwa utingo wake kwa miaka mitatu.
Hita haikuwepo. Tulijifunika magunia miguuni,
tukapasha mkate na nyama juu ya kifuniko cha injini,
na alfajiri, tukiupanda mlima wa Shap,
barafu ilikuwa ndani ya kioo, si nje.

Giaboksi ile! Meno kwa meno,
bila msuluhishi kati yao.
*Kanyaga klachi. Toa gia, iache frii. Achia.
Mpe mafuta kidogo. Kidogo, nimesema, huendi harusini.
Sikiliza. Kanyaga tena.
Sasa.*

Nilimuuliza: sasa ni lini?
Akasema: ukishauliza, imepita.

Nikasaga gia mwezi mzima.
Nilizisaga Kendal, nikazisaga Carlisle,
mbele ya polisi, mbele ya mabinti wa kiwanda cha biskuti
waliopiga makofi.
Osbert hakunigombeza hata siku moja.
Alikuwa akivua kofia, akaiweka gotini,
akaliambia lori: tuwie radhi.
Lori. Mimi hakuniambia kitu.

Halafu usiku mmoja, tani kumi na tano za chuma nyuma yetu,
ukungu mzito, taa zinaangaza pua zetu tu,
mkono wangu wa kushoto ukaenda peke yake
na gia ikaingia kama kijiko kwenye uji.
Nikamgeukia anisifu.
Alikuwa amelala. Au alijifanya.
Nimelifikiria hilo kwa miaka sitini.

Mkewe, Muriel, hakuwahi kuendesha hata baiskeli.
Aliniambia jikoni, akimenya viazi vya matanga:
"Miaka arobaini na mmoja amenipiga teke usingizini.
Mguu wa kushoto. Teke, anatulia, teke.
Juzi niliamka saa tisa usiku
nikiingoja ile ya pili."

Basi, Jumanne.
Anayeendesha ni Rowan, mjukuu wa dada yake,
kijana mwema, aliyezoea malori ya siku hizi
yanayojibadilishia gia kama mtu anayepepesa macho.
Alifanya mazoezi wiki nzima uwanjani kwa fundi.
Lakini uwanja ni tambarare,
na kanisa liko juu.

Sisi tulifuata nyuma ndani ya basi dogo,
Cuthbert Airey, Jos Tyson, wale ndugu wawili wa Maryport,
magoti ya bandia, mashine za masikio,
na Muriel mbele, mkoba mapajani.
Mlima ukaanza.
Gardner ikashusha sauti, ikashusha tena,
na kila mmoja wetu alijua kabla ya Rowan
kwamba gia ya tatu imechoka.

Akatoa. Kimya.
Lori likaning'inia kwenye frii, na Osbert juu yake.

Ndipo nikaisikia sakafu ya basi:
viatu vyeusi vilivyopigwa rangi jana,
vya kushoto vyote, vikakanyaga kwa pamoja.
Vikaachia.
Hakuna aliyepumua. Vikakanyaga tena,
na kimoja kilikuwa kiatu cha kike, chenye kifungo.

"Sasa," akasema Muriel.

Ikaingia.

Kwenye kona ya lango la kanisa Rowan alikosa,
akasaga kwa mlio wa kabati la sahani lililosukumwa ngazini.
Hatukucheka.
Cuthbert alivua kofia, akaiweka gotini,
akaliomba lori radhi.