Mlango wa Kadi

Ibra, siku tatu kabla ya Idi Kubwa.
Nje jua limeshika ukuta, hata paka hapiti.
Ndani kiyoyozi kinanguruma, kinadondosha maji yake
katika kopo la rangi tuliloliweka chini.
Nimetandika mkeka, nikamwaga vyote:
boksi la tende nililolikata vipande,
karatasi za chokoleti, za dhahabu na za fedha,
kanga iliyochanika, jina lake limebaki nusu,
gundi moja, mkasi mmoja,
watoto watatu.

Somo la kwanza halikunitaka mimi:
mkasi mmoja, watoto watatu.
Buthaina kaukalia.
Shaima kalia.
Muhanna kachana kwa meno
na ukingo ukamtokea kama vilima hivi vinavyotuzunguka,
kimoja kirefu, kimoja kimeinama,
mpaka Shaima, machozi bado yako shavuni,
akasema, "Na mimi nataka wa meno."

Gundi nayo ina adabu zake.
Ukiihimiza, inahamia vidoleni.
Ukiiacha, inashika yenyewe.
Neno "ngoja" nimelisema juu ya wali wa moto,
juu ya viatu, juu ya zamu ya kuoga,
likapita kama upepo wa feni.
Gundi ilisema mara moja tu.

Kisha Muhanna, miaka mitano na nusu
(ile nusu haisahau),
akauliza: "Mama, kadi mlango wake uko wapi?"
Nikamwambia, ya mwalimu wako ikunje kuliani,
Kiarabu huanzia huko.
Ya bibi yako ikunje kushotoni,
yeye utamwandikia Kiswahili.
Akanyamaza. Akakunja. Akakunjua.
Akaitazama mikono yake, mmoja, kisha wa pili,
kama mtu aliyeambiwa leo
kwamba nyumba yao ina barabara mbili.

Akaandika kwa ulimi uliotoka nje ya mdomo:
BIBI ZUWENA
IDI NJE
na hapo karatasi ikamwishia.
Nilinyoosha mkono kwenye kifutio.
Nikaurudisha.
Yeye alikwisha kuigeuza kadi,
na nyuma kabisa, peke yake, kubwa kama nyumba,
akaliandika lile MA lililokosa nafasi.

Asubuhi ya Idi, kanzu mpya, udi umetanda,
halwa inang'aa katika sinia,
dada zake wametoa za kwao na kubusiwa,
yeye kasimama, kadi iko mgongoni.
"Mpe bibi."
"Nikimpa, mimi nitabaki na nini?"
Kahawa ilimiminwa vikombe viwili, vitatu.
Hakuna mtu mzima aliyekuwa na jibu,
nami nilikuwa wa kwanza kuangalia sakafu.
Akamwendea mwenyewe, hatua ndogo ndogo:
"Utaiweka wapi?"
"Kabatini, penye vikombe."
"Hutaifunika?"
"Sitaifunika."
Ndipo mkono ulipokuja mbele, polepole,
vidole vikafunguka kimoja kimoja,
cha mwisho kikakawia.

Sasa bibi yetu alijifunza kuandika Kiswahili
kwa herufi za chuoni, huko Pemba,
kutoka kulia kwenda kushoto,
na mkono wake haujabadili njia hadi leo.
Akaigeuza. Akaanzia nyuma.
"Ma," akasoma. "Ma nini, mjukuu wangu? Maji?"
Nikajua kosa ni langu,
mimi niliyegawa lugha na milango
kama ninayegawa mikate.
Muhanna hakushtuka.
"Zunguka, bibi. Salamu ziko upande wa pili."
Akazunguka.

Siku ya nne akanivuta twende tena.
"Kuna nini?"
"Nakwenda kuitazama."
Ilikuwa kabatini, kati ya vikombe na chupa ya marashi,
imesimama wima, mgongo mbele,
ule ukingo wa meno juu,
na MA inasomeka tangu mlangoni.
Akaweka paji la uso kwenye kioo cha kabati,
pumzi yake ikakitia ukungu, akaufuta kwa kiwiko.
Mlango wa kabati haukufungwa kwa ufunguo.
Hakuigusa.