Mvua Tuliyoiomba

Miaka minane udongo wa Bahi ulikuwa na midomo mikavu.
Tuliomba kanisani Jumapili,
Jumatatu tukaenda kutambika makaburini;
hatukutaka kumbagua yeyote mwenye funguo.
Kumbe chini ya nyufa zile
mayai ya mbu nayo yalikuwa yakiomba.

Ikanyesha siku tisa.
Mbuga ikawa ziwa, watoto wakaoga uchi,
mie nikaanika ndoo zote, hata ile iliyotoboka.

Kondoo wa kwanza alipotupa mimba tulisema fisi kamtisha.
Wa pili, majani mabichi.
Usiku wa saba hatukusema kitu.
Ndahani, shemeji yangu, aliingiza mkono mpaka kiwikoni
kumsaidia yule mwenye baka jeupe,
akajifuta kwenye suruali,
akaomba maziwa.

Na aliyekuwa akikata roho tulimwahi kwa kisu.
Nyama haitupwi kwetu,
njaa inatujua kwa majina.
Paja kwa mjomba Chilongani,
kifua kwa mama mkwe,
kichwa na miguu kwa vijana waliochuna,
damu, kila mtu na sufuria yake.

Yeremia mchinjaji alizikwa Jumatano.
Ndahani alitetemeka, akachomwa na homa.
Zahanati walimpima malaria, hakuna,
wakampa dawa ya malaria.
Homa ikashuka. Macho hayakurudi sawa:
anaona kingo za vitu, katikati hapana.
Anaiona kofia yako,
wewe hakuoni.

Ndipo akaja Tungaraza, afisa mifugo, na pikipiki ya kukopa,
akachuchumaa, akachora dimbwi kwa kijiti.
Mbu hutaga ukingoni, alisema,
dimbwi likikauka yai hukaa,
limebeba ugonjwa liliorithi kwa mama yake,
hukaa kama uwele kihengeni, mwaka, miaka,
mpaka maji yaligongee mlango.

Kisha akatoa daftari.
Nani alichinja? Nani alichuna? Nani alipata kifua?
Nikataja, mmoja mmoja,
nikauhesabu ukarimu wetu
kama mtu anayeungama.

Watu walikuwa wamekwisha kumkwepa Ndahani,
kikombe chake kimewekwa peke yake juu ya paa la zizi.
Tungaraza alimshika mkono mbele ya wote, akakaa nao mkononi:
huu ni wa damu, wa maziwa mabichi, wa mbu;
mkono wa mgonjwa hauuni mtu.
Mama mkwe akakishusha kikombe. Hakukiosha mara mbili.

Mnada ukafungwa.
Kamba ikavutwa barabarani, askari wawili, mwavuli mmoja.
Mchoma nyama akauza mahindi, akitukana moshi.
Ada za shule zilikuwa zimesimama zizini, zina pembe, hazina mnunuzi;
wapo waliovusha mbuzi usiku kupitia mtoni,
na sina jiwe la kuwatupia.

Chanjo ilifika madimbwi yamekwisha kupasuka nyufa,
kama mgeni anayekuta sahani zimeoshwa.
Tukachanja hata hivyo.
Sindano moja, kondoo mmoja, alisema, sindano moja, kondoo mmoja,
mpaka vitoto vikaugeuza wimbo wa kuruka kamba.

Sasa maziwa nayachemsha mpaka yapande mara tatu,
baba watoto anasema yamekufa ladha.
Nayakoroga tu.
Na kondoo akizaa vibaya navaa mifuko ya sukari,
ile ya kilo mbili, nimefunga kwa mpira vifundoni.
Kinachotoka nakizika kwa kina,
mbwa akae mbali, akinitazama kama mwizi wa chakula chake.

Leo kumetanda upande wa Manyoni.
Ndahani anauliza wingu lina ukubwa gani,
yeye anaona pindo lake tu.
Namwambia: kundi la ng'ombe, na wengine nyuma bado wanakuja.
Anacheka. Anavua kofia.

Naomba, ndiyo, bado naomba;
mtama hauoti kwa hofu.
Ila kabla ya amina nimepanda kichuguuni, panapopata mtandao,
nikamwandikia Tungaraza:
Huku kumeiva. Safari hii
zitangulie sindano.