Mizani ya Ghala

Alfajiri, kabla ya magunia,
kabla wachukuzi hawajafika na vikohozi vyao vya vumbi,
napanda mimi juu ya mizani ya kahawa.
Viatu chini, shati chini, funguo chini.
Sabini na nane na nusu.
Jana: sabini na nane na nusu.
Wiki ya tatu sasa sindano imegoma
kama punda wa Kapchorwa katikati ya daraja.

Kazi yangu ni kupima. Nazijua hila za uzito.
Gunia lililolala mvuani lina kilo za uongo;
mwenye nalo anatabasamu, mimi nauma punje moja,
ikibonyea chini ya jino nasema: haya ni maji, mzee,
yarudishe juani.
Lakini mwili wangu nitauuma wapi?
Nani ataniambia hii ni nyama, haya mafuta,
hii chumvi tu ya dagaa wa jana
iliyoita maji yaje yalale kwangu?

Jioni ni kwa Watsemba, nyuma ya gereji, Namakwekwe.
Chuma chetu ni ekseli ya lori,
sahani zetu ni gia, na zege iliyogandia kwenye makopo ya rangi.
Kioo hakuna. Watsemba alikivunja mwenyewe:
"Kinasifia upande wa mbele tu."
Novemba tunakwenda Jinja, mimi uzani wa sabini na nne,
kwa hiyo anakata chakula changu kama fundi wa suti:
mayai manne, kiini kimoja.
Matoke, ngumi moja. Ngumi ya mtoto, Gidudu, si ya bondia.
Karanga, marufuku.
Malewa bila karanga!
Hata msibani hatujafika huko.

Mama hapimi kwa mizani.
Anapima kwa kola ya shati langu,
kwa mkanda ninaoutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto.
Siku nilipotoboa la tatu
alisugua sufuria iliyokuwa safi tayari.
Mwaka wa themanini na tisa kaka zake watatu
walikuja mjini kutibiwa, mmoja baada ya mwingine,
wakalala chumba hiki ninacholala.
Ugonjwa ulikuwa na jina la wembamba: silimu.
Majirani walihesabu mbavu kutoka ng'ambo ya ua.
Wamono ndiye aliyekuwa mnene wao.
Mwishoni mama alimbeba peke yake hadi bafuni,
kama mtu abebavyo kuni za jioni moja.
Na sasa mwanawe anakonda kwa hiari,
analipapasa tumbo lililozama, anasema: mama, ona, maendeleo.

Jumamosi nilirudi ghafla, nimesahau mkanda.
Jikoni, amenipa mgongo, kinu kati ya magoti,
anatwanga karanga polepole, kisisikike.
Kisha kijiko. Kijiko kingine.
Ndani ya mchicha wangu, ule "mkavu".
Wiki tatu! Kumbe sindano ilikuwa imeshikwa na mkono wake.
Nikafungua kinywa nimkemee,
kinywa kikakumbuka utamu.
Nikaondoka kwa ncha za vidole, bila mkanda.

Jioni ile niling'oa sakafuni mia na themanini
ambayo tangu Agosti ilikuwa ikinicheka.
Watsemba akakuna kidevu: "Umekula nini?"
Nikasema: mchicha.

Leo, sabini na tisa kamili.
Fomu ya Jinja imekunjwa mfukoni,
kisanduku cha uzani bado kitupu;
kalamu nimeazima mara mbili, nimerudisha mara mbili.
Wachukuzi wanagonga lango.
Navaa shati, kola inanigusa shingo.
Gunia la kwanza ni la mwanamke wa Budadiri,
amelishona mdomo kwa uzi mwekundu.
Nauma punje:
ngumu, kavu, imejaa.
Naandika uzito wake wote.
Sikati hata robo.