Msichana Mwenye Gauni Langu

Alikuja Julai, samoni wakipanda mto,
amevaa koti jeusi la mazishi
na kubeba sanduku la bati tulilodhani ni la dawa.
Kwong Sui-ting. Mama alilijaribu jina mara mbili,
likamkwama; akamwita Mpishi,
maana miaka kumi na miwili aliwapikia wajenga reli
huku bondeni kwa Mto Fraser,
na kiganjani alibaki na kovu la mafuta, duara kama sarafu.

Siku ya kwanza aliketi tu. Ya pili vilevile.
Ya tatu, kwingine angepewa jembe;
bibi yangu Philomena alimpa kisu
na samaki mzito kama mtoto wa miezi sita.
Alimpasua vibaya. Bibi hakucheka.
Sisi tulicheka mpaka Mjomba Isidore akatutupia matumbo.

Jioni ndipo alipofungua sanduku:
kijiti cheusi, jiwe, brashi tatu.
Akadondosha maji ya mto, akasugua, akasugua,
kama anayemsugua mgonjwa mgongo,
hata wino ukatoka, una harufu ya moshi
na ya kitu kingine nisichokijua mpaka leo.

Uchanja aliuchora kwa mistari minne.
Minofu ikaning'inia, kila chale ya kisu ikionekana.
Mama ameinama, kitambaa kimemshukia shingoni.
Shangazi Celestine na chumvi. Isidore na kopo lake.
Mdogo wangu Alphonse, asiyetulia tangu azaliwe,
alikuwa doa la wino lenye miguu.
Tulimtambua papo hapo.

"Na mto?" bibi akauliza.
Mpishi akaonyesha pale karatasi ilipobaki tupu.
"Wetu una rangi ya chai ya maziwa," bibi akasema,
"tena una kelele. Huu umenyamaza."
Akainamisha kichwa.
"Lakini upepo umeupata."

Mimi nilikuwa natafuta uso wangu.
Aliyesimama mahali pangu
alishika tawi la msonobari kufukuza nyigu, kama mimi,
na gauni ni langu, kiraka ni changu,
ila paji lake jembamba, nyusi ziko mbalimbali,
nywele zimekatwa sawa juu ya macho.
Zangu zilifika kiunoni.
Nikasema, "Huyu si mimi."

Akatazama.
Akatazama kama mtu aliyeitwa, katikati ya wageni,
kwa jina la utotoni.
Kisha akakaa chini kwenye magamba, na koti lake la mazishi.
"Yuet-ho," akasema. "Dada yangu."
Alimwacha Kaiping akiwa na miaka tisa. Mimi pia nilikuwa na tisa.
Barua zilikoma wakati wa vita.
Mkono, alisema, haukuniomba ruhusa.

Alishaishika pembe ya karatasi aichane.
Bibi akamnyang'anya, mikono imejaa mafuta ya samaki;
alama ya gumba lake ipo hadi leo,
kitu pekee kilichomo mtoni.
"Mwache. Mtoto ametoka mbali.
Unamfukuza hata hajala?"
Akaniambia niongeze bakuli.

Sitaficha: nilimwonea wivu.
Nilikuwa na gauni moja tu duniani
na lilivaliwa na mtu wa ng'ambo.
Siku mbili sikumsalimu Mpishi.

Sasa bibi ni mimi.
Upepo ni uleule, uchanja umejengwa upya mara nne,
samoni wenyewe tunawahesabu.
Mwaka jana walikuja watu wa makumbusho, glavu nyeupe,
wakaandika majina: Philomena, Celestine, Isidore,
mama yangu, na lile doa, Alphonse.
"Na msichana? Ni wewe?"

Huyo ni Yuet-ho, nikasema.
Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji.