Sindano Namba Kumi

Asubuhi ile moto ulitoka wa manjano,
mrefu, mlegevu, wenye ncha ya masizi,
ukailamba sufuria ya uji hadi masikioni.
Nikasema gesi inaisha.
Nikautikisa mtungi. Mzito.
Nikasema basi ni chumvi ya hewa,
Tanga hii inakula hata bawaba za kabati.

Tunu akapiga simu kutoka Dodoma:
"Mama, litupe. Nakutumia hela, nunua la kioo,
la kuwasha kwa kubonyeza."
Nikamwambia mtandao unakata.
Haukuwa unakata.

Jiko hili lina plati nne na oveni.
Liliingia Barabara ya Kumi na Mbili juu ya mkokoteni,
mahamali wawili wakigombana
nani ashike upande wa mlango.
Baba Tunu aliwalipa, akaongeza soda.
Mwaka huo nilikuwa nashona sare za shule mbili,
na cherehani ikipumzika namimina mkate:
mchele, tui, hiliki,
moto mdogo chini, kifuniko, subira.

Sechonge akaja kutoka Makorora
na mfuko wa spana, koleo,
na burashi ya katani aliyoifunga mwenyewe.
Hakugusa kiberiti.
Alifunga mtungi, akasukuma dirisha. Likagoma.
"Hili huwa linafunguliwa?"
"Kuna paka wa jirani."
"Afadhali paka."

Akakoroga sabuni ya unga kwenye kikombe,
akaupaka mpira, akafungulia gesi kidogo.
Povu likavimba penye klipu,
jicho moja, la pili, la tatu,
yakitutazama bila kupepesa.
"Mpira una tarehe, mama. Soma."
Nikavaa miwani.
Ulikuwa mwaka aliozaliwa mjukuu wangu mkubwa,
ambaye sasa ananibishia hesabu.

Kisha akang'oa plati, akafungua nozeli ya shaba,
ndogo kama ushanga,
akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.
"Nani alichokonoa hapa?"
Nikasema panya.
"Panya hana sindano."

Ni mimi.
Namba kumi, ile ya kushonea hariri.
Nilikuwa eda, mwezi wa pili,
maziwa yalikuwa yamefurika yakaziba tundu,
na fundi wa kiume angeingiaje jikoni?
Nikakaa sakafuni na sindano na machozi,
nikachokonoa, nikazungusha, nikapuliza.
Moto ukawaka.
Ee, siku ile nilijiona mwanamke wa shoka!
Hata Mama Shebughe nilimwita ukutani
aje kusikia unavyovuma.

Kumbe niliupanua mdomo wake.
Miaka tisa umekunywa gesi kuliko pumzi,
na mimi miaka tisa nasugua masizi kwa mchanga,
natukana sufuria za siku hizi
kwamba hazina bati.

Sechonge hakucheka.
"Nguo ukiikata pana unaikunja,
shaba haikunjwi," akasema,
akamwaga kiganjani kutoka kichupa cha dawa
nozeli za majiko yaliyokufa.
Akajaribu moja, akaitema. Nyingine. Nyingine.
Tatu zikakubali.
"Ya nne nimeiziba. Usiifungue,
hata mimi nikikuambia ifungue."

Mpira mpya, wa rangi ya chungwa. Klipu mpya.
Povu tena: likalala, likakauka, kimya.
Njiti moja.
Moto ukatoka mfupi, samawati,
umejipanga kama meno ya chanuo.

Elfu thelathini na tano.
Nikaomba apunguze, akakataa kwa adabu,
akaniachia nozeli yangu ya zamani.
Nimeitia kwenye kopo la vifungo.
Juu ya plati ya nne nimeweka chumvi.

Jioni nikamimina mkate.
Uliungua chini, mweusi ti,
mkono wangu bado unapima moto ule mwingine.