Soma Tena, Karani

Jumanne. Joto la Mungarra lilikwisha kuingia kortini
kabla ya hakimu.
Feni ilizunguka kama mtu aliyesahau alichokuwa akitafuta.
Kazi yangu vidole: nachapa yasemwayo.
Vikohozi sichapi.

Shauri la nne: Desmond Quilty, miaka sitini na minane,
mkata manyoya ya kondoo hadi mgongo ulipokataa.
Shitaka: lugha ya matusi hadharani,
mbele ya posta, saa nne na robo asubuhi,
watu wakipita.

Watu gani? aliuliza wakili wake.
Konstebo Pruitt akafungua kijitabu.
Mama mmoja na kigari cha mtoto.
Mwenye duka la misumari.
Na mimi, alisema. Mimi nami si mtu?

Nilichapa *kicheko*, kisha nikafuta.

Sheria yetu haina orodha ya maneno.
Nimeitafuta miaka kumi na tisa.
Haisemi hili haramu, lile halali.
Inasema tu: pima kwa sikio la mtu wa busara,
asiye mwepesi wa hasira
wala mgumu kama gogo.
Kila shauri hutajwa, hajaitwa hata siku moja.
Hana kiti, hana anwani, haapi,
ilhali ndiye anayetia watu hatiani.

Tena inauliza mahali. Neno lilelile
jikoni kwako ni pumzi;
kizingitini, barabara ikilisikia,
ni faini.

Mwisho, kwa sauti ndogo, inauliza:
je, alikuwa na sababu?

Sababu ilikuwa na miguu minne, jina lake Tilly.
Lori la ng'ombe halikusimama.
Quilty alipiga magoti kwenye lami,
kichwa cha mbwa pajani,
na konstebo, magari yakimpigia honi mgongoni,
alisema kwa upole (ukurasa wa pili, nimeusoma mara tatu):
"Mzee, ondoa hicho kitu barabarani."

Hicho kitu.
Aliyekuwa *huyu* dakika tano kabla
akauawa mara ya pili,
safari hii na sarufi.
Neno safi. Ungeweza kulisoma kanisani.
Hakuna kifungu kinacholigusa.

Ndipo Quilty akatoa lake.
Silabi moja.
Hakumlenga mtu, anadai; alilirusha juu
kama mtu anayerusha kofia.
Pruitt anadai lilimpata usoni.

Hakimu Haldane alivua miwani, akaifuta, hakuivaa.
Kuna maneno, alisema, yanayokuja na ngumi nyuma yake,
na mtu hapaswi kungoja ngumi ifike.
Kuna mengine ni kilio kilichopotea njia.
Akanyamaza. Feni ikaendelea.
"Karani, tusomee alichosema mshtakiwa.
Kama kilivyo."

Mama yangu alinisugua ulimi kwa sabuni
kwa nusu ya neno lile.
Nilisimama. Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto,
na nje watoto wa shule walipita wawili wawili
kwenda kuogelea, kofia za njano, taulo mabegani.
Nikalisoma.
Lilitoka kavu, la kiserikali, kila herufi mahali pake.

"Sikusikia vizuri. Soma tena."

Nikasoma tena.
Kofia moja ya njano iligeuka.

Pruitt alikuwa karibu na mlango, kijitabu mfukoni.
Hakukitoa.

Hukumu ilikuja baada ya chai; iko kwenye faili,
anayeitaka ataipata.
Mimi nimebaki na Quilty, tai ya kuazima shingoni,
akinigeukia kabla sijaketi:
"Samahani, mama.
Hukustahili kulisema."

Hilo nililichapa,
ingawa hakuna aliyeniambia.