Duara la Siku ya Sita

Kijiko kimoja cha udongo wa Pongwe,
chini ya mstari wa mkonge uliokwisha kukatwa,
nilikitia katika kopo la siagi, nikapanda bajaji hadi maabara.
Kopo lilinuka mvua ambayo haijanyesha.

Siku ya pili hapakuwa na cha kusimulia:
madoa yaking'aa kama matone ya uji yaliyokaukia mezani.
Semboja akachungulia. "Tupa. Hao wa kawaida."
Siku ya nne nikajaribu kuyainua kwa sindano,
yakakataa. Yalikwisha kuzamisha nyuzi,
chakula na mlaji wameshonana kama kiraka na kanga.

Huko chini walikuwa wanakula.
Mwenye shibe hana neno na jirani:
bakteria niliowapanda pembeni walisogea hadi kizingitini,
hakuna aliyewauliza watokako.

Kisha sukari ikaisha.

Sikuiona ikiisha. Niliona, asubuhi ya sita,
doa limevaa weupe kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga,
nyuzi zimesimama wima hewani,
na za chini zinakufa
ili za juu zipate nguvu ya kubeba mbegu.
Hapo tu, katikati ya msiba wa nyumba moja,
ndipo duara lilipotokea:
ukanda mtupu, jirani amefutika.
Nikapima kwa rula. Milimita kumi na nne.

Nilidhani dawa ni wema wa ardhi.
Kumbe ni komeo, mlango wa wenye matanga.

Na chupa nayo ina tabia yake.
Nikiitikisa kwa pupa, nyuzi hukatikakatika,
mchuzi unalainika, mzuri kwa macho, hauui hata mmoja.
Nikipunguza kasi, zinajiviringa punje punje
kama ulezi uliochemka,
na manjano inaanza kuvuja.
Umbo nalo hupika.

Yupo mmoja namwita Kipara.
Hajawahi kuota weupe. Namlisha, ananenepa, anang'aa,
hana duara.
Semboja ananicheka: unamfugia nini?
Sijui. Yuko kwenye friji, rafu ya chini,
na jina lake nimeliandika kwa wino usiofutika.

Jioni, Bombo, wodi ya wanawake,
dada yangu Mwanakheri ananusa viganja vyangu:
"Pongwe kumenyesha?"
Bado, namwambia.
Kidonda chake kimekwisha kuizoea dawa ya tatu.